Tope, Kilima na Ufunguo: Kuisoma Safari ya Msafiri Katika Usharika

Wako wengi katika sharika zetu waliokutana na kitabu cha John Bunyan, kile kijulikanacho kwa Kiswahili kama Safari ya Msafiri. Wengine walikisoma shule ya Biblia. Wengine walikikuta kabatini kwa babu, kimelala kati ya Biblia na kitabu cha nyimbo, jalada limeng'oka. Sisi tulikisoma kwanza chuoni tulipokuwa tukijiandaa kwa huduma, na tulikisoma vibaya. Tulikifanya ghala la mifano ya mahubiri. Tukitaka kuhubiri juu ya kutokata tamaa tulichota Dimbwi. Tukitaka kuonya juu ya anasa tulichota Soko la Ubatili. Ilibidi ipite miaka kadhaa ya kazi, na kosa moja tutakalolieleza hapa chini, ndipo tukakirudia na kukisoma tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Katika insha hii tunataka kukipima kitabu hicho kwa jambo moja: kinatufundisha nini juu ya saburi, yaani ule moyo wa kuendelea na safari ndefu baada ya kuanguka? Tutasema kinapotufaa, na tutasema pia kinapopungua, kwa maana kukipenda kitabu si kukifumbia macho. Majina ya watu na mahali tutayataja kwa maneno yetu wenyewe, kwa kuwa msomaji aweza kuyakuta kwa namna nyingine katika nakala aliyo nayo.

Mtu aliyekiandika

Bunyan alikuwa fundi wa masufuria katika eneo la Bedford, Uingereza, mtu wa elimu ndogo. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kosa la kuhubiri nje ya utaratibu wa kanisa la serikali. Hukumu ya kwanza ilikuwa miezi mitatu tu. Lakini kila alipoulizwa kama ataacha kuhubiri alikataa, na ile miezi mitatu ikawa miaka 12. Alitoka mwaka 1672. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1678.

Tunaomba msomaji azitazame tarehe hizo kwa utulivu. Mara nyingi tumesikia, na sisi wenyewe tumesema mimbarani, kwamba Mungu alimfunga Bunyan ili dunia ipate kitabu. Ni maneno matamu, lakini yanatazama mambo kutoka mwisho. Bunyan mwenyewe, asubuhi moja ya mwaka wa tano gerezani, hakuwa na kitabu maarufu mkononi. Alikuwa na nyuzi za viatu alizozitengeneza ili ziuzwe wanawe wapate chakula. Alikuwa amemwacha nyumbani binti kipofu, na ameandika kwamba kumwacha mtoto yule kulimuuma kuliko yote. Hakuvumilia kwa sababu alijua faida itakayokuja. Alivumilia kwa sababu aliamini kwamba aliyemwita hawezi kumdanganya. Hizi ni aina mbili za uvumilivu, na tofauti yake ndiyo kiini cha yote tutakayosema.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Walutheri tunapaswa kulijua. Katika kitabu anachosimulia maisha yake, Bunyan anasema kwamba alipokuwa katika mashaka makubwa ya roho alipata nakala chakavu ya maelezo ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Wagalatia, iliyozeeka hata karibu kusambaratika mikononi. Aliisoma akajiona yeye mwenyewe ndani yake, na akakithamini kitabu kile kuliko vitabu vyote alivyovijua isipokuwa Biblia. Basi tunapomsoma fundi huyu wa masufuria hatusomi mgeni kabisa. Amekunywa katika kisima tunachokijua.

Jirani aliyependa habari za taji

Hadithi yaanza na mtu mwenye nguo zilizoraruka, kitabu mkononi na mzigo mkubwa mgongoni. Anauacha mji wake kwa kuwa amesoma kwamba utaangamia. Majirani wawili wanamfuata ili wamrudishe. Mmoja ni mkaidi, anageuka upesi. Wa pili ni mwepesi wa kushawishika, naye anakubali kufuatana na Mkristo.

Mwandishi anamchora huyu jirani wa pili kwa ustadi mkubwa. Njiani hana swali la mzigo, kwa sababu hana mzigo. Swali lake ni moja: huko tuendako kuna nini? Mkristo anamsimulia habari za taji, mavazi yang'aayo na mahali pasipo machozi, naye anafurahi sana na kuhimiza waongeze mwendo. Kisha wote wawili wanatumbukia katika Dimbwi la Kukata Tamaa. Jirani anakasirika. Anauliza kama hiyo ndiyo raha aliyoahidiwa. Anajikwamua kwa upande ulio karibu na nyumba yake, anaenda zake, na Mkristo hamwoni tena.

Msomaji wa leo hahitaji kufasiriwa sana. Kila Januari, mabango katika miji yetu hutangaza kwamba mwaka huu ni mwaka wa mpenyo, mwaka wa kupokea, mwaka wa kuinuliwa. Hatusemi haya ili kuwacheka wengine, kwa maana hata katika sharika zetu mhubiri anayeahidi hupata "Amina" nyingi kuliko mhubiri anayeandaa watu kwa safari. Lakini Bunyan anatuonyesha matokeo. Imani iliyolishwa habari za taji peke yake haina miguu ya kutembea topeni. Si kwamba habari za taji ni uongo. Mkristo mwenyewe aliziamini. Tofauti ni kwamba mmoja alitoka nyumbani kwa sababu hakuweza kukaa tena, na mwingine alitoka kwa sababu alidhani safari itakuwa nzuri. Wote wawili waliingia tope lilelile. Mmoja alitafuta ukingo ulio mbali na nyumbani kwake, mwingine ukingo ulio karibu.

Mikokoteni elfu ishirini, na kosa letu

Katika ukurasa huohuo kuna maelezo ambayo wahubiri huyaruka, na sisi tuliyaruka. Inaelezwa kwamba watumishi wa Mfalme wamekuwa wakijaribu kulijaza dimbwi lile kwa zaidi ya miaka 1600. Limekwisha kumeza angalau mikokoteni 20,000 ya mafundisho mema kutoka pande zote za ufalme, na bado ni dimbwi.

Tuseme sasa kosa letu. Tulipokuwa na miaka michache katika huduma tulihubiri Jumapili moja juu ya Dimbwi. Tulihubiri kwa nguvu. Tulieleza jinsi jirani alivyorudi na jinsi Mkristo alivyokaza mwendo hata akatoka. Tukawaambia watu wasiwe kama jirani. Kesho yake, Jumatatu, mama mmoja mjane alikuja ofisini. Alikuwa amekopa kwenye kikoba akafuga kuku wa nyama, kideri kikaingia bandani, na katika siku chache alibaki na viroba vya chakula visivyo na wa kuvila. Marejesho ya mkopo yalikuwa yanamngoja wiki hiyohiyo. Tulimsikiliza, tukamsomea neno, tukamwambia, "Vumilia mama, Bwana anajua." Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mchungaji, jana nilikuwepo. Ulisema yule mtu alitoka topeni. Hukusema nani alimtoa."

Tulidhani ni uchungu unaosema. Tuliomba pamoja naye akaondoka. Hatukumtuma mzee wa kanisa kwenda naye kwenye kikoba kumwombea muda. Hatukuita jumuiya yake. Baada ya miezi kadhaa tuligundua kwamba hayupo kanisani. Aliuza cherehani, akalipa alichoweza, akahamia kwa dada yake wilaya nyingine. Tunasikia anaimba kwaya huko. Hakurudi kwetu, wala hatuna haki ya kumlaumu.

Tulipokifungua tena kitabu tuliona kwamba yule mama, ambaye kwa kadiri tujuavyo hakuwahi kukisoma, alikuwa amekielewa kuliko mhubiri wake. Mkristo hakutoka topeni kwa kukaza mwendo. Alijitahidi, ndiyo, akafika kwenye ukingo ulio mbali na mji wake. Lakini kutoka hakuweza kwa sababu ya mzigo uliokuwa mgongoni. Ndipo akaja mtu aitwaye Msaada, akamuuliza anafanya nini pale, akampa mkono, akamvuta, akamsimamisha mahali pagumu. Imeandikwa waziwazi. Tuliiruka kwa sababu haikufaa mahubiri tuliyokusudia kuhubiri.

Sisi tulikuwa tumemwaga mkokoteni mwingine katika dimbwi, wa 20,001, wakati mtu alihitaji mkono. Hatusemi mafundisho hayana kazi. Kitabu chenyewe chasema kuna mawe imara ya kukanyagia katikati ya tope, nayo ni ahadi za Mungu. Lakini Mkristo hakuyaona kwa sababu hofu ilimfukuza kwa kasi. Mtu anayezama haoni mawe. Kumwambia avumilie bila kumshika mkono ni kumwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza: sasa anazama, na tena ana hatia ya kuzama.

Mzigo ulianguka mapema

Wengi wanaokumbuka kitabu hiki kwa mbali hudhani kwamba Mkristo alibeba mzigo wake mpaka mwisho wa safari, akautua mbinguni kama tuzo ya uvumilivu. Sivyo. Mzigo unaanguka mapema, kwenye msalaba, kabla ya Kilima cha Shida, kabla ya Soko la Ubatili, kabla ya Ngome ya Mashaka. Haupunguzwi kidogo kidogo kwa kadiri anavyojitahidi. Unaanguka wote mara moja, unabingirika hadi kwenye kaburi lililo wazi, wala hauonekani tena. Safari iliyo kubwa zaidi inaanza baada ya hapo.

Hapa ndipo tunapomwona yule mwanafunzi wa Wagalatia. Saburi ya Mkristo si bei anayolipa ili apokelewe. Ni mwendo wa mtu aliyekwisha kupokelewa. Vijana wetu wa kipaimara hujifunza jambo hilohilo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, pale Luther anapoeleza kifungu cha tatu cha Imani: kwamba mtu hawezi kwa akili wala nguvu zake kumwamini Kristo, bali Roho Mtakatifu humwita, humwangazia na kumhifadhi. Hilo neno kuhifadhi ndilo jina jingine la saburi, likitazamwa kutoka upande wa Mungu.

Bunyan ameliweka jambo hilo katika picha moja ambayo kwetu ni bora kuliko zote. Katika Nyumba ya Mfasiri, Mkristo anaonyeshwa moto unaowaka ukutani. Mtu mmoja amesimama mbele yake akiumwagia maji bila kupumzika, lakini moto unazidi kuwaka. Mkristo anashangaa. Anazungushwa nyuma ya ukuta, na huko anamkuta mwingine ameshika chombo cha mafuta, akiyatia motoni kwa siri, bila kukoma. Wanaoutazama upande wa mbele huona maji tu. Watu wengi tunaowasifu kwa kusema wana moyo mgumu hawana moyo mgumu hata kidogo. Kuna mafuta nyuma ya ukuta.

Katika nyumba hiyohiyo kuna watoto wawili. Mmoja, Tamaa, anataka mali yake yote sasa hivi. Anapewa, anaitapanya, anabaki na matambara. Wa pili, Saburi, anakubali kungoja mwakani. Picha hii hupendwa sana, na ni kweli kwa sehemu. Mtume Yakobo naye, katika sura ya tano, anatupeleka shambani kumtazama mkulima angojeaye mvua. Mkulima wetu anajua kwamba hachimbui mbegu kila asubuhi kutazama kama imeota. Hata hivyo tunaona picha ya watoto wawili ni dhaifu kuliko ile ya moto, kwa sababu haisemi mtoto Saburi alipata wapi moyo wa kungoja. Ikisomwa peke yake hutupa watoto wawili wa tabia mbili, mmoja mwema na mmoja mbaya, na kutuachia tujichagulie. Moto ukutani unajibu swali ambalo watoto wale hawalijibu.

Kurudi kuchukua kilichoanguka

Katika Kilima cha Shida mwandishi ni mkweli sana. Mkristo anaanza kwa kukimbia, kisha anatembea, kisha anatambaa kwa mikono na magoti. Yeyote aliyesomesha mtoto kwa ada ya kuungaunga, au aliyejenga nyumba tofali kwa tofali, anazijua hatua hizo tatu. Kitabu hakimdharau Mkristo anapotambaa. Kutambaa nako ni kupanda.

Katikati ya kilima kuna kibanda cha kupumzikia, nacho kimewekwa na Bwana wa kilima mwenyewe. Maana yake kupumzika si dhambi. Mkristo anakaa, lakini analala usingizi mzito, na hati aliyopewa msalabani inamtoka mkononi. Anaamka, anakimbilia juu, na baadaye akiitafuta kifuani haipo. Inambidi arudi mpaka kibandani, akilia, akitazama kila upande wa njia. Anaikuta, kisha anaianza safari tena jua likiwa linazama. Analalamika kwamba njia ambayo angeipita mara moja ameipita mara tatu.

Tumeona sura hii ikimsaidia mtu kuliko hotuba ndefu za kutia moyo. Wengi wetu tunaamini kwamba kurudi nyuma ni kushindwa. Mwanafunzi anayerudia mwaka anajificha kanisani. Mtu aliyerudi kutoka mjini bila kitu anakuja ibadani kwa kuchelewa na kuondoka kabla ya matangazo. Bunyan anatufundisha kutofautisha kurudi kwa namna mbili. Jirani mwepesi alirudi kwa kuwa aliiacha safari. Mkristo alirudi kwa kuwa aliipenda safari na hakutaka kuiendea bila kile alichopewa. Kwa macho ya mpita njia wote wawili wamegeuza mgongo. Tusiwe wepesi wa kuhukumu migongo ya watu.

Na katika ubatizo wetu ndivyo tulivyo. Luther anafundisha kwamba mtu wa kale ndani yetu anapaswa kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya kufufuka kila siku. Mkristo Mlutheri ni mtu anayerudi kila asubuhi.

Ngome, na mtu wa kando

Baadaye Mkristo anasafiri na Tumaini. Njia inakuwa ngumu, miguu inauma, na kando ya njia wanaona shamba lenye majani laini. Mkristo ndiye anayeshauri wapite huko. Wanapotea, usiku na mvua vinawakuta, na Jitu Kukata Tamaa linawakamata na kuwafungia katika Ngome ya Mashaka, kutoka Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku, bila chakula, bila maji, wakipigwa rungu. Kisha jitu linawashauri wajiue.

Wapendwa, jambo hili lisitupite upesi. Mwandishi wa karne ya 17 aliandika bila kuficha kwamba Mkristo, mtu aliyekwisha kuuona msalaba, alifikia kuuliza kama kufa si afadhali. Hakumwondolea jina lake la Mkristo kwa sababu hiyo. Katika sharika zetu wapo waliofungwa humo, nasi hutumia maneno makali juu yao, au hunyamaza. Kitabu kinamweka Tumaini kando ya Mkristo, naye hafanyi muujiza. Anamkumbusha mahali walikopita, anamsihi wangoje tena siku moja, wangoje tena. Anamfanya aishi mpaka Jumamosi usiku. Ndipo wanapoanza kuomba, na karibu na mapambazuko Mkristo anakumbuka kwamba ana ufunguo kifuani, uitwao Ahadi, aliokuwa nao muda wote. Mlango wa kwanza unafunguka kwa wepesi. Lango la mwisho, la chuma, linakuwa gumu sana, lakini linafunguka.

Tunapenda kwamba lango la mwisho lilikuwa gumu. Tunapenda pia wanachofanya wakishatoka: wanasimamisha nguzo mahali walipopotelea na kuiandika onyo kwa watakaokuja nyuma. Huo ndio ushuhuda wa kweli. Ushuhuda mwingi tunaousikia husema jinsi mtu alivyotoka. Wachache huonyesha mahali walipokosea njia, ili mwingine asipite hapo.

Na huyu Tumaini alitoka wapi? Swali hili linatuleta kwenye methali yetu, kwamba mvumilivu hula mbivu. Katika Soko la Ubatili, Mkristo alikuwa na mwenzake Mwaminifu. Mwaminifu alivumilia kuliko wote, akahukumiwa, akachomwa moto. Hakula mbivu yoyote sokoni pale. Lakini mtu mmoja wa mji ule aliutazama mwenendo wa wasafiri katika mateso yao, akaondoka akafuatana na Mkristo. Huyo ndiye Tumaini. Bila saburi ya Mwaminifu, Mkristo angekuwa peke yake gerezani kwa lile jitu. Basi wakati mwingine mvumilivu hapandi ili ale yeye. Mbivu huliwa na mwingine, mahali pengine, na aliyepanda hajui. Methali ni njema, lakini Injili ni pana kuliko methali.

Mahali kitabu kinapopungua

Tumekisifu, sasa tuseme ukweli wa upande wa pili. Mkristo anapoanza safari, mke na watoto wanamlilia arudi. Naye anaziba masikio kwa vidole na kukimbia. Tunajua maana ya fumbo: wito wa Mungu hautanguliwi na yeyote. Lakini fumbo lina hatari yake. Tumeona wanaume walioziba masikio kwa jina la huduma, na wanawake walioachiwa ada, shamba na wagonjwa.

Ajabu ni kwamba maisha ya Bunyan yanakanusha ukurasa huo. Alipofungwa, mkewe Elizabeth, mama wa kambo wa watoto wake wanne, alikuwa mjamzito, na kwa mshtuko wa habari ile alijifungua kabla ya wakati na mtoto akafa. Mwaka 1661 mwanamke huyo kijana alisimama mbele ya majaji kumtetea mumewe. Aliwaambia kwamba ana watoto wadogo wanne, mmoja kipofu, na hawana cha kuishi ila sadaka za watu wema. Majaji hawakumfungulia mumewe. Elizabeth akarudi nyumbani kulea. Kama kuna saburi katika habari hii, nusu yake ni ya Elizabeth, na sehemu nyingine ni ya wale watu wema wasiotajwa majina waliopeleka sadaka. Bila hao, fundi wa masufuria angeshindwa mapema sana. Katika sehemu ya kwanza ya kitabu hawapo.

Upungufu wa pili ni huu: katika kitabu karibu kila pigo lina maana ya kiroho. Dimbwi ni hofu ya dhambi. Ngome ni adhabu ya kuiacha njia. Lakini kideri hakikuja kwa sababu mama yule aliiacha njia. Mvua isiponyesha, hainyeshi kwa mwema na kwa mwovu. Msomaji asipoangalia, atamtazama jirani aliyeanguka na kutafuta ni wapi alipovuka uzio. Rafiki za Ayubu walisoma mateso namna hiyo, na Mungu hakupendezwa nao.

Tunamshukuru Mungu kwamba Bunyan mwenyewe alirudi kuchukua kilichoanguka. Mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili. Humo Kristiana, mke aliyeachwa, anasafiri na wanawe wanne na jirani yake Rehema. Hawaendi peke yao. Wanaongozwa na mtu aitwaye Moyo Mkuu. Njiani kundi linaongezeka: mzee anayetembea kwa magongo, mtu mwenye akili dhaifu anayeogopa kuwachelewesha wenzake, baba mwenye huzuni nyingi na binti yake mwoga. Yule dhaifu anaomba aachwe. Moyo Mkuu anakataa. Anasema kazi aliyopewa ni kuwategemeza walio dhaifu, nao watamngoja. Na ni watu wa kundi hili, lenye magongo na woga, wanaoliua Jitu Kukata Tamaa na kuibomoa ngome yake. Mkristo shujaa aliponea chupuchupu humo, usharika uliibomoa.

Watu husoma sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili. Tunadhani ni kosa, na kama mtu ana muda wa kusoma moja tu katika jumuiya yake, tungemshauri aanze na ya pili.

Tusome na kutenda

Mtume Paulo, katika Warumi sura ya tano, haanzi na saburi. Anaanza na amani tuliyo nayo kwa Mungu kwa njia ya Kristo. Baada ya hapo ndipo anapotaja dhiki, na saburi, na tumaini lisilotahayarisha. Utaratibu huo tukiupindua, tutabaki na dini ya wenye nguvu, na wenye nguvu ni wachache.

Tangu yule mama aondoke, katika usharika tunaoutumikia tumejaribu jambo dogo. Kila jumuiya inapokutana, kabla ya kusoma neno, huulizwa swali moja: wiki hii nani yuko topeni? Wakati mwingine hakuna anayejibu. Wakati mwingine jina linatajwa, na watu wawili wanapangwa waende siku hiyohiyo, na si kwa maneno matupu. Hatujafanikiwa kila mara. Wapo tuliowafikia tumechelewa. Lakini tunapohubiri sasa juu ya Dimbwi tunamtaja Msaada kwa jina, na tunaeleza kwamba alikuwa na mikono.

Nawe usomaye haya, kama safari yako imekuwa ya kutambaa, tambaa. Ni kupanda pia. Kama imekubidi kurudi kibandani jua likizama, rudi bila aibu. Kama uko ndani ya ngome, mwambie mtu leo, usingoje Jumamosi. Na kama wewe ni mzima na miguu yako ina nguvu, tazama nyuma kidogo: kuna mwenye magongo anakuja, naye anaogopa kwamba anakuchelewesha. Mngoje.